Olimpia Cernat, Ghorofa ya Pili, Mlango wa Saba

Marehemu Olimpia Cernat alizaliwa tarehe 9 Aprili 1944 katika kijiji cha Valea Socilor, mtoto wa tatu wa mseremala Toader na mkewe Casandra. Vita vilikuwa vikipita mlangoni. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyo alikuja duniani amekunja ngumi zote mbili, na hakulia mpaka askari walipoondoka uani. Woga haukumwacha tena. Aliogopa simu, bahasha za kahawia, na watu wanaopanda ngazi kimya kimya. Kila usiku aliuliza mara tatu kama mlango umefungwa. Familia haioni aibu kulisema hilo leo, kwa sababu mema yote aliyoyafanya aliyafanya huku akitetemeka.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1951 hadi 1958. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Mwalimu wake alimfunga mkono huo kwenye dawati kwa kitambaa cha kichwa mpaka wa kulia ukajifunza kuandika. Wa kushoto ulibaki kuchora, nyumbani tu, pasipo mtu wa kuuona.

Mwaka 1962 alihamia mjini Piatra Neamţ na kuajiriwa katika kiwanda cha karatasi, kitengo cha kukata, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1994. Wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua vipande vilivyobaki. Wengine waliwashia jiko. Olimpia alivikunja kuwa kadi, akabandika maua aliyoyakausha chini ya cherehani, akaandika heri kwa ule mkono wa kushoto. Mtu akiwa na siku ya mtakatifu wa jina lake, au akirudi kazini kutoka hospitali, alikuta kadi kwenye mfuko wa koti lake. Hakutia sahihi. Alisema aibu ingemuua.

"Olimpia, nikifa utaniwekea kadi kwenye jeneza?" shoga yake mmoja aliyeijua siri hiyo alimtania.

"Usife kwanza. Gundi imeniishia."

Tarehe 14 Septemba 1967 alifunga ndoa na Nechifor Cernat, fundi wa lifti. Uchumba ulianza Nechifor, aliyemwona akimtilia kadi mfukoni, alipomrudishia na kudai imepotea njia. "Jina ni langu," alisema, "lakini mimi sijawahi kupewa kitu kizuri hivi." Walijaliwa binti mmoja, Zamfira, mwaka 1969, wakapewa nyumba ghorofa ya pili, mlango wa saba. Waliishi hapo mpaka mwisho wa siku zao.

Ghorofa ya nne aliishi Bi Profira Zugravu, mjane. Msimu wa kupukutika majani wa mwaka 1983 mwanawe alitorokea ng'ambo, kosa kubwa mbele ya serikali ya kikomunisti ya wakati ule, na tangu siku hiyo hakuna jirani aliyethubutu kumsalimia. Watu walingoja apite ndipo wafungue milango yao. Olimpia naye alingoja. Asubuhi ya tarehe mosi Machi 1984, siku ya kupeana uzi mwekundu na mweupe kuaga baridi, alishindwa kuvumilia. Alipanda ngazi pekupeku, viatu mkononi, akasukuma kadi chini ya mlango: ua dogo jeupe lile linalotoboa theluji, uzi wake, na maneno haya kwa herufi kubwa, "Machi njema, Bi Profira. Jua litatoka." Jina hakuweka.

Katika miaka ile karatasi isiyo na jina ilikuwa na maana moja tu: mtego wa watu wa usalama. Bi Profira aliishika akawaza. Akiificha, atakuwa ameficha. Akiichoma, moshi utaonekana. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameipeleka mwenyewe kwa watu wa usalama.

Siku ya tatu yake wakazi wote waliitwa mmoja mmoja katika chumba cha kuanikia nguo. Nyuma ya meza alikaa ofisa mwenye mafua, mbele yake karatasi yenye mistari.

"Andika: jua litatoka."

"Kwa herufi kubwa, bwana?" Olimpia aliuliza.

Ofisa aliinua kichwa taratibu. "Nani kakwambia kuna herufi kubwa?"

Baadaye Olimpia alisema hapo ndipo alipojua kwamba karibu ajitaje mwenyewe. Zamfira alikuwa na miaka kumi na minne, yuko shuleni, na sufuria ya maharage ilikuwa jikoni. Ndivyo vitu viwili alivyoviwaza.

"Shuleni tulifundishwa kuuliza kwanza," alisema. "Usipouliza, unapigwa rula."

"Shule gani hiyo?"

"Ya Valea Socilor."

Ofisa alipenga kamasi. "Huyo mwalimu wenu tungemhitaji hapa. Andika."

Akaandika mara kumi, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliukalia. Hakuna aliyeuliza habari zake.

Mwenye mwandiko hakupatikana, lakini Bi Profira hakuwahi tena kumwamini mtu katika jengo lile. Olimpia alimwona akipita amekumbatia mkoba wake, akijua ni nani aliyemfanya hivyo. Aliogopa kusema wakati ule kwa ajili ya mtoto wake. Serikali ile ilipoanguka, aliogopa uso wa Bi Profira. Mara mbili alipanda na keki ya Krismasi mpaka ghorofa ya nne, na mara mbili familia ikaila keki hiyo nyumbani.

Tangu mwaka huo kila kadi aliyotengeneza, na zilikuwa nyingi, ilikuwa na jina lake mwenyewe kamili, ghorofa na namba ya mlango wake.

"Mama, hii ni kadi ya heri au hati ya kumwita mtu polisi?" Zamfira alimtania.

"Ajue ni mimi. Asiogope."

Nechifor alifariki mwaka 2009. Moyo wa Olimpia ulianza kuchoka mwaka 2022, na tarehe 19 Februari mwaka huu, 2024, alilazwa hospitalini. Akiwa kitandani aliomba mkasi na gundi. Tarehe mosi Machi alimkabidhi binti yake kadi: ua lile lile, uzi ule ule, maneno yale yale, na chini yake, kwa mkono wa kushoto, jina, ghorofa na mlango. "Mpelekee. Uniletee atakalosema, hata likiwa baya."

Bi Profira, mwenye miaka tisini na mmoja, aliisoma akiwa amesimama. "Miaka arobaini nimelala na kiti nyuma ya mlango," alisema. "Kwa ajili ya ua?" Akafunga mlango.

Zamfira alimfikishia mama yake neno kwa neno, kama alivyoagizwa. Siku mbili Olimpia hakula.

Jumatatu asubuhi, tarehe 4, bahasha ilisukumwa chini ya mlango wa chumba chake. Muuguzi alisema ameona bibi mwenye mkongojo akiondoka, hakutaka kuingia.

"Fungua wewe," Olimpia alimwambia binti yake, shuka akiwa ameivuta mpaka kidevuni.

Ndani kulikuwa na karatasi iliyokunjwa upande, na ua lililobandikwa kwa gundi nyingi mno. "Machi njema, Olimpia. Jua litatoka." Olimpia aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Hakuweka jina."

"Hakuweka, mama."

"Kaniacha nitetemeke kidogo, bibi yule." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ana haki."

Usiku ule alilala bila kuuliza kama mlango umefungwa. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa.

Ameacha binti, Zamfira, mkwe, Iustin, mjukuu, Ilinca, dada yake, Minodora wa Valea Socilor, na jirani yake, Bi Profira Zugravu, ghorofa ya nne, mlango wa kumi na sita, aliyetuomba tuandike kwamba kiti bado kipo nyuma ya mlango, lakini sasa ni kwa mazoea tu.

Mungu ampumzishe kwa amani Olimpia, mahali pasipo na mlango wa kuogopwa.