Barua Iliyopata Kumi na Moja kwa Arobaini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu wa Elimu. Mwalimu mkuu mwenyeji wetu. Wazazi mliosimama kwa sababu viti vyenu vimehamia meza kuu. Walimu wenzetu na wanafunzi wote mlioko hapa juani: salamu kwenu, kila mmoja na salamu za dini yake.

MAKARIBISHO

Sisi, walimu wa Tawi la Shule Saba, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Leo tumekuona kwa macho, nasi kwa miaka minne tulikuwa tunakufahamu kwa saini tu. Saini yako ni kubwa, na tulitarajia mtu mrefu zaidi.

Tunakushukuru pia kwa kuja kutufungulia lango jipya. Ni lango zuri, la chuma, lina kufuli mbili. Wanafunzi wamelipenda, na kila asubuhi hulipungia mkono wakipita pembeni yake, maana uzio bado haujafika. Tunaamini uko njiani.

Tuliagizwa risala isizidi kurasa mbili. Tumetii agizo. Tumepunguza ukubwa wa herufi.

HISTORIA FUPI YA TAWI

Tawi hili la chama cha walimu lilianzishwa na walimu kumi na mmoja katika karakana ya useremala, kwa kuwa ndicho chumba pekee kilichokuwa na viti vya kutosha, ingawa vitatu vilikuwa bado havijapigiliwa miguu. Leo tuko wanachama mia mbili na watatu.

Tuseme ukweli, mgeni rasmi. Kwa muda mrefu tawi letu lilikuwa tawi la misiba na harusi. Mwalimu akifiwa, tulibeba maturubai. Akioa, tulibeba masufuria. Jambo la mshahara likizuka, mwenyekiti alikuwa akisema, "Tulifuatilie," nasi tukaitikia, "Tulifuatilie," kisha tukanywa chai. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani na ofisi yako.

MAFANIKIO

Maturubai bado yako katika hali nzuri.

CHANGAMOTO

Tuliambiwa tuandike changamoto moja tu ili ratiba isivurugike. Tunayo moja. Lakini hatuwezi kuieleza bila kumtaja mwenzetu, mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba katika shule hii, ambaye wanafunzi wanamwita Mwalimu Nukta, kwa sababu hata akikuita kunywa chai humaliza sentensi kwa kidole hewani.

Mwalimu Nukta ana miaka ishirini na minane kazini. Ni mama mfupi, mpole, asiyepandisha sauti. Mumewe ni fundi cherehani mwenye maneno mengi. Wanaishi vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Hakuwahi kugombea cheo chochote katika tawi. Kwenye mikutano yetu alikuwa akikaa nyuma na madaftari mapajani, akisahihisha.

Muhula uliopita ilikuja barua yako. Mwalimu mkuu aliibandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu saa nne, wakati wa chai, akatoka haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Kichwa cha barua kilikuwa: UBORESHAJI WA MISHAHARA YA WALIMU. Tulisimama tukaisoma. Wenye miwani waliwasomea wasio na miwani. Ilipofika aya ya tatu tukaelewa kwamba mishahara yetu imeboreshwa kwa kupunguzwa sehemu moja ya nane, na kwamba ofisi ina furaha kutujulisha hivyo.

Mwalimu wa hisabati alikaa chini. Mwalimu wa michezo alitoa neno ambalo hatuwezi kulisoma mbele ya wanafunzi. Mwenyekiti akasema, "Tulifuatilie." Kengele ikalia, tukaenda madarasani.

Mwalimu Nukta hakuwa na kipindi saa ile. Alibaki peke yake na barua. Tuliporudi adhuhuri, ilikuwa imesahihishwa yote kwa wino mwekundu.

Palipoandikwa "viwango hivyo itaanza kutumika", alikuwa amekata na kuandika "vitaanza". Penye sentensi "Kwa kuzingatia hali iliyopo, hali hiyo imezingatiwa", pembeni aliweka: "Unazunguka. Sema jambo." Mahali panaposema "imeamuliwa kwamba mishahara ipunguzwe", alipigia mstari neno "imeamuliwa" mara mbili na kuuliza: "Na nani? Mtenda yuko wapi?" Na chini kabisa, kando ya saini yako: "11/40. Kichwa cha habari hakilingani na habari. Rudia. Tuonane."

Tulicheka siku hiyo, mgeni rasmi, hatutakuficha. Tulicheka mpaka mwalimu wa sayansi akashika mbavu. Tulikuwa hatujacheka ofisini kwetu tangu mashine ya kunakilia iharibike.

Siku ya tatu alikuja afisa utumishi kutoka kwako, na barua ile ndani ya jalada la plastiki, kana kwamba ingeambukiza. Akatukusanya walimu wote thelathini na mmoja wa shule hii.

"Nani ameharibu waraka wa ofisi?" akauliza.

Sasa hapa, mgeni rasmi, tunasoma jambo ambalo halitupi sifa. Sisi tuliocheka tukashika mbavu, wote tulifyata mkia. Kila mtu aliangalia viatu vyake. Mwenyekiti wetu aligundua kwamba kamba ya kiatu chake imelegea, akaifunga kwa dakika nzima, na viatu vyake ni vya kuchomeka.

Mwalimu Nukta akanyoosha mkono, kama anavyowafundisha wanafunzi wake.

"Hakuna aliyeiharibu," akasema. "Imesahihishwa. Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Karatasi ikiwa mbele yangu, mkono unakwenda wenyewe."

Baada ya wiki moja alisimamishwa kazi, kwa nusu mshahara. Nusu ya ule uliokwisha kuboreshwa. Barua ya kumsimamisha aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaomba kalamu. Akaipa kumi na saba. Uliandika humo, "Mimi nimeamua kukusimamisha kazi." Naye akaandika pembeni: "Mtenda amepatikana. Maendeleo yanaonekana." Kisha akaikunja vizuri, akairudisha kwako kwa njia ya mwalimu mkuu, kama utaratibu unavyotaka.

Alikaa nyumbani wiki kumi. Vyumba viwili vikawa kimoja. Cha pili mwenye nyumba alimpa kijana wa vipuri. Cherehani ilihamia miguuni pa kitanda. Vitabu vyake tulivitunza karakana.

Sisi, kwa aibu tuliyokuwa nayo, tulianza hatimaye kuwa chama. Tuligawana vipindi vyake. Vile vya sarufi viliangukia kwa mwalimu wa michezo, ambaye alijikaza kisabuni, na tunaomba radhi kwa wazazi ambao watoto wao wanaamini kwamba ngeli ya KI-VI ilishinda ngeli ya LI-YA mbili bila. Kila Jumamosi walimu wawili walikwenda kwake na unga, sabuni na mafuta ya kupikia. Mwenyekiti alijiweka zamu ya kwanza. Alifika mlangoni akashindwa kubisha, mpaka fundi cherehani akamfungulia na kumwambia, "Pita, shemeji. Vua viatu. Kamba utazishughulikia baadaye."

Mwalimu Nukta alipokea unga, akashukuru, kisha akauliza: "Madaftari yako wapi?" Tangu siku hiyo tukawa tunapeleka na madaftari. Alitusahihishia insha za darasa la saba wiki zote kumi, bila malipo, kitandani, huku mumewe akikanyaga cherehani upande wa miguu.

"Mke wangu," mumewe alimwambia siku moja mbele yetu, "ile barua ungeipa hata ishirini, leo tungekuwa tunakula nyama."

"Haikustahili ishirini."

"Najua. Lakini na mimi nyama nastahili."

Akacheka mama wa watu. Hatukumwona akivunjika moyo hata mara moja, isipokuwa Jumamosi ya saba. Siku hiyo alifungua daftari la msichana mmoja anayekaa dawati la mbele. Insha yake ilikuwa na kichwa "Uboreshaji wa Nyumba Yetu". Ilieleza kwamba upepo ulikuja usiku na paa likaboreshwa, na kwamba sasa wanalala kwa shangazi, na familia ina furaha kuwajulisha majirani. Mtoto hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa mmoja wa wanaofagia ofisi ya walimu. Alikuwa ameisoma barua ubaoni, akadhani ndivyo watu wazima waliosoma wanavyosema.

Mwalimu Nukta alishika kalamu muda mrefu, hakuandika kitu. Mumewe akasimamisha cherehani.

"Kakosea wapi?" akamuuliza.

"Hajakosea popote," akasema. "Ngeli zote sawa. Nukta zote ziko mahali pake." Akafunika uso kwa daftari lile, na sisi tuliokuwa tumeleta unga tukatoka nje tukasimama uani.

Wiki ya kumi akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Safari hii hatukuangalia viatu. Tulikwenda walimu tisini, tukajaza ukumbi, ngazi na sehemu ya bustani yako. Mwenyekiti wa tawi akasimama kando yake kama mtetezi.

Mwenyekiti wa kamati akauliza: "Nani alikupa mamlaka ya kuisahihisha ofisi?"

"Ofisi yenyewe," akajibu Mwalimu Nukta. "Iliniajiri kusahihisha Kiswahili. Haikuniambia cha nani nikiache."

"Lakini kumi na moja! Kwa nini kumi na moja?"

"Mtoto akiandika kichwa 'Safari Yangu ya Sokoni', halafu akaeleza alivyolala nyumbani kutwa, mungempa ngapi?"

Wanakamati wakatazamana. Mama mmoja mhasibu, aliyekuwa akiandika kumbukumbu, akasema bila kuinua kichwa, "Sifuri."

"Mimi nina huruma," akasema Mwalimu Nukta. "Kumi na moja nilizitoa kwa unadhifu. Na yuko msichana darasani kwangu ambaye paa lao limeng'olewa, naye ameandika kwamba limeboreshwa. Nimemfundisha miaka miwili. Barua yenu imemfundisha kwa siku moja, na yeye kaelewa yenu. Mnaweza kunifukuza. Ila mniambie huyo mtoto nimpe ngapi."

Mhasibu aliacha kuandika.

Kamati iliamua arudi kazini, akiwa na onyo katika jalada lake. Na kwa uamuzi mwingine, ambao hatujui mtenda wake, shule zote saba zimeagizwa kwamba kuanzia sasa walimu watasahihisha kwa penseli, ili masahihisho yaweze kufutwa pale itakapobidi. Punguzo la mishahara halikuguswa.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tunaomba mambo machache.

Tunaomba mishahara irudi ilivyokuwa. Ikiwa haiwezekani, tunaomba ipunguzwe kwa jina lake, kwa maandishi, na aliyepunguza ajitaje. Kuumia tumezoea, kushukuru kila tunapoumizwa ndiko kunakotuchosha.

Tunaomba onyo liondolewe katika jalada la mwenzetu, na alipwe nusu mshahara aliyokatwa kwa wiki kumi alizosahihisha madaftari yako ukiwa umemkataza kazi.

Kuhusu penseli, hatuombi chochote. Hatuna penseli.

Tunakujulisha pia, kwa heshima zote, kwamba Ijumaa iliyopita tawi lilipiga kura. Ilipendekezwa kwamba usipotujibu, tusiingie madarasani kuanzia tarehe mosi. Mikono ilikuwa imekwisha kupanda ukumbi mzima pale Mwalimu Nukta alipoinuka kule nyuma. Tulidhani atapinga, maana watoto wake wana mtihani.

"Niko nanyi," akasema. "Lakini naomba wiki mbili. Nina mada moja sijaimaliza na darasa la saba, na sitaki waingie kwenye mtihani bila kuijua."

Tulibishana. Mwalimu wa michezo alisema ofisi itatuona waoga. Mwenyekiti wetu, yule wa kamba za viatu, akajibu kwamba woga anaujua vizuri na huu siyo. Kura zikapigwa upya, akapewa wiki zake mbili. Ndiyo maana ilani iliyo mezani kwako ina tarehe kumi na tano na si mosi. Tumesikia kwamba ofisini kwako siku hizo zimehesabiwa kuwa dalili ya udhaifu. Ni mada moja tu iliyobaki katika muhtasari wa Kiswahili: namna ya kujibu barua.

Anaifundisha kila siku saa mbili asubuhi, chumba cha mwisho koridoni. Dawati la nyuma liko wazi. Ukipenda, ingia. Hatakuuliza cheo chako. Atakuuliza kama umekuja na kalamu.

HITIMISHO

Tunakuombea safari njema ya kurudi, afya kwako na kwa wote wa nyumbani kwako. Mungu awabariki wanafunzi hawa, awape maneno ya kuyaita mambo kwa majina yake, na atupe sisi uvumilivu wa kuwafundisha mpaka tarehe kumi na tano.

Ni sisi wako katika kazi,

Walimu mia mbili na watatu wa Tawi la Shule Saba.

Imesomwa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya wote, na kwa sauti.