Fundi Epifania, Kutoka Kebo Hadi Kompyuta

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025, Fundi Epifania Ntirampeba anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Mafunjo Boti kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili. Hakuna mwingine kati yetu aliyefikisha hata ishirini na tano. Mimi Asmahani wa stoo nina kumi na tisa, na kwa kuwa karibu kila spana aliyoishika tangu nifike imepitia mikononi mwangu, nimepewa kazi ya kuandika haya ya kusomwa kwenye sherehe ya kumuaga.

Sisi tumemzoea kwa jina la Mama Winnie. Alifika kijijini Kitahana akiwa na umri wa miaka saba, pamoja na wazazi wake waliotoka Burundi, akakulia hapo kwenye mashamba ya mihogo na maharage. Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza mashine za kusaga. Aprili 1994 alisikia kwamba karakana yetu ya Kibondo inatafuta mtu wa injini, akaja. Msimamizi wa wakati huo alidhani amekuja kuomba kazi ya jikoni. Kwa kumjaribu, akamwonyesha injini ya boti iliyokuwa imegoma wiki nzima, kisha akaenda kunywa chai. Aliporudi alimkuta ameshaiwasha, ameizima, na anafagia sakafu.

Siku hizo kampuni ilikuwa na boti tatu tu za kutembeza wageni kwenye bonde la Malagarasi, waliokuja kuvua kwa kujifurahisha na kutazama ndege na viboko. Barabara ilikuwa ya vumbi. Tukizisafirisha boti kwa lori kutoka karakana, zilifika nyekundu kiasi kwamba tuliziosha kwanza ndipo tuzitie majini, na wageni walitushangaa. Leva ya mwendo ilivuta kebo ya chuma, kebo ikavuta gia, basi. Mama Winnie alibana mpini wa bisibisi sikioni, ncha akaigusisha kwenye injini, akasikiliza, akataja kinachoumwa. Akiwa gatini, boti ikiwa bado nyuma ya mafunjo, haijaonekana, yeye alishajua ni ipi inarudi na imechoka wapi. Saa nne alifungua kitambaa chenye mihogo ya kuchemsha, na aliyechelewa alikuta maganda. Nikikumbuka miaka yangu ya mwanzo hapa, kwanza hunijia harufu ya petroli na mihogo pamoja.

Mwaka 2018 zikaja boti mpya nne. Leva zake hazikuwa na kebo hata moja. Ukiisukuma, kifaa kinachohisi mwendo wake, yaani sensa, kinaiambia kompyuta kwa waya, na kompyuta ndiyo inayoiamuru injini. Kulikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza boti inasimama mahali pamoja yenyewe, mkondo uvute usivute, ili wageni wapige picha. Mafundi wawili wa zamani waliacha kazi mwaka huohuo. Mama Winnie, mwenye miaka hamsini na mitatu, aliomba apelekwe mafunzoni Dar es Salaam. Alirudi baada ya wiki tatu na daftari lililojaa Kirundi. Alitueleza kwamba kompyuta inasema Kiingereza na mwalimu anasema Kiswahili, lakini yeye akitaka jambo likae kichwani huliandika kwa lugha ya mama yake.

Hakuwa mtu wa kuzisifu mashine hizo bila kipimo, wala wa kuzibeza. Alikuwa wa kwanza kukiri kwamba petroli inatumika kidogo kuliko zamani, na kwamba injini inataja ugonjwa wake kabla haijalala. Mwaka 2019 mafunjo yanayoelea yalifunga njia nyuma ya boti yenye wageni wanane. Tuliiona kwenye skrini ya ofisi yetu ya Kasulu pale ilipokwama, tukaifikia kwa saa moja na nusu. Mwaka 2003, kabla sijafika, tukio kama hilo lilichukua siku nzima, na wageni walirudi hawana sauti kwa kupiga kelele. Lakini pia alikuwa wa kwanza kuona kwamba manahodha wetu wameanza kutazama skrini badala ya maji. Kwenye mazoezi aliifunika skrini kwa khanga yake, akawakumbusha kwamba ramani ile haimjui kiboko.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe amesema nisipoliandika hatahudhuria sherehe.

Jumamosi ya tarehe 16 Oktoba 2021, mchana, nahodha Havyarimana alikuwa akirudi na familia moja ya Kasulu iliyokuja kutembea baada ya harusi. Mbele ya gati boti haikupunguza mwendo. Ilikwenda moja kwa moja ikagonga mbao, na Bi. Kuruthumu, mama wa bibi harusi, akaanguka akavunjika mkono. Tuliokuwa gatini tulishuhudia. Havyarimana alishikilia kwamba alivuta leva nyuma kwa nguvu zake zote na injini haikumsikiliza. Hakuna aliyemwamini. Wengine walisema alikuwa akichezea simu, wengine kwamba alitaka kuwaonyesha wageni mbwembwe. Meneja wetu, Bwana Abbasi, alimsimamisha kazi siku hiyohiyo, na kufikia Jumatatu barua ya kumfukuza ilikuwa imeshaandikwa, inasubiri sahihi.

Jumatatu hiyo Mama Winnie aliunganisha kompyuta ya mkononi na boti ile, iliyokuwa imeletwa karakana, kutimiza utaratibu tu. Baadaye aliniambia kwamba naye alikuwa ameshamhukumu Havyarimana moyoni. Nilikuwa nimesimama karibu yake na trei ya skurubu. Alisoma kumbukumbu ya injini, akarudia, akavua miwani akaifuta, akasoma tena. Leva ilikuwa imevutwa nyuma kweli, tena mapema. Ila taarifa ilikatika njiani, kompyuta ikabaki haina la kufanya, na gia ikabaki ya mbele. Kisha akaona kitu kingine. Kasoro ileile ilikuwa imejitokeza mara kumi na moja kabla ya ajali, kila mara kwa sekunde chache, kuanzia tarehe 26 Septemba. Tarehe 25 yeye mwenyewe ndiye aliyefungua plagi ya leva ile ili kufunga skrini mpya.

Aliomba bisibisi ndogo. Akaifungua plagi. Ndani kulikuwa na maji na kutu ya kijani, na raba ya kuzuia maji haikuwemo.

Karakana nzima tulikuwa wawili. Hapakuwa na mwingine Kibondo aliyeweza kuisoma kompyuta ile. Nakiri leo mbele yenu kwamba nilimnong'oneza: raba ziko stoo, boksi zima, nani atajua? Hakunikasirikia. Aliiweka plagi juu ya meza taratibu, akasema, "Asmahani, ukinipa hiyo raba sasa hivi, baba wa watu anafukuzwa kwa kosa langu. Niitie Abbasi. Na Havyarimana naye aje."

Walipokuja, aliwaonyesha skrini, kisha plagi. "Plagi hii niliifunga mimi bila raba," alisema. "Havyarimana alivuta leva. Mashine imemtetea, na sisi sote hatukumtetea."

Havyarimana alikaa chini juu ya tairi akajifunika uso. Bwana Abbasi aliikunja barua aliyokuwa nayo, akaitupa kwenye pipa la taka. Wiki ile Mama Winnie alipewa onyo la maandishi na kusimamishwa mwezi mmoja. Miaka miwili baadaye kampuni ilipotaka kuliondoa onyo lile kwenye faili lake, alikataa. Alisema mafundi watakaokuja walisome.

Ndani ya mwezi ule alipanda basi hadi Kasulu, dukani kwa Bi. Kuruthumu, akaomba radhi. Bi. Kuruthumu alimtaka aeleze hiyo raba ni kitu gani hasa. Mama Winnie akaitoa moja kwenye pochi, ndogo kama pete, akamwekea kiganjani. Yule mama aliigeuza-geuza akasema, "Kumbe kidogo hivi. Haya, kaa unywe chai." Leo Bi. Kuruthumu ni mgeni wetu wa heshima, na kitambaa alichoshonea Mama Winnie gauni la sherehe kimetoka dukani kwake.

Aliporudi kazini alileta mabadiliko mawili yanayoendelea mpaka sasa. Plagi yoyote ikifunguliwa, hufungwa mbele ya macho ya watu wawili, na wote wawili huweka sahihi. Na kila boti yetu ya kompyuta ina leva ya pili, ndogo, nyekundu, yenye kebo ya chuma inayotoa gia moja kwa moja bila kupitia kompyuta. Imetumika mara mbili tangu ifungwe. Mara zote mbili wageni walishuka bila kujua kwamba kulikuwa na tatizo.

Tutayakosa mengi. Nitamkosa mlangoni pa stoo, akitaka kitu ambacho jina lake la kitaalamu kalisahau, akinichorea hewani kwa kidole. Karakana itakuwa na kompyuta zake zote na itakuwa kimya.

Jambo la mwisho tuligundua tukipanga ratiba ya leo. Katika miaka thelathini na mmoja, Mama Winnie hajawahi kupanda boti yetu kama abiria. Kila safari alikuwa na spana mkononi au sikio kwenye injini. Kwa hiyo saa tisa alasiri, baada ya hotuba, ataketi kiti cha mbele pamoja na mtoto wake Winnie, na Havyarimana, ambaye sasa ndiye nahodha mkuu, atashika usukani. Mama Winnie ameahidi kwamba hatagusa kitu chochote. Tumemkubalia kwa mdomo tu, na Havyarimana amekwisha kuuliza afanye nini akimwona anainuka.

Mama Winnie, asante kwa kazi na kwa ukweli wako. Nenda Kitahana ukapumzike, shamba likupe mavuno, wajukuu wakuchoshe kwa furaha, na Mungu akupe miaka mirefu yenye afya. Ila leo, tafadhali, kaa tu utazame maji.