Fundi Shingo na Aliyemwita kwa Nyuma

Wafiwa, majirani, nanyi madereva wa pikipiki na baiskeli mliojaza barabara hadi magari yamekosa pa kupita, familia imenituma mimi shemeji yake niwasomee maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Shingo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa kwanza kati ya wawili, akaanza shule mwaka 1969, akaiacha darasa la sita, si kwa ujinga, bali kwa kuwa mikono yake ilikuwa na haraka kuliko kichwa cha mwalimu, na mwaka 1978 akaingia kazi ya kushona viti vya pikipiki, viti ambavyo abiria wake walifika waendako wakakataa kushuka.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na dada yangu, tena kwa kuchelewa, maana bwana harusi alisimama njiani kurekebisha kiti cha mtu, na Mungu akawajalia watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja.

Mdogo wake, tuliyemwita Kitinda, alisambaza mikate kwa pikipiki, na marehemu kwa kumpenda akamtengenezea kinga ya shingo, ya kwanza maishani mwake, sponji nzito iliyozungushiwa plastiki ya dumu na kuvalishwa reksini nyekundu, ile ngozi bandia ya viti, ikakaa chini ya helmeti imara kama ukuta, Kitinda akalalamika, "Kaka, umenifunga kama mzigo, sioni hata bega langu," naye akamjibu, "Vaa, bwana mdogo, shingo haina spea."

Tarehe 14 Agosti 1995 Kitinda alikata kona kuingia barabara kuu, lori likapiga honi nyuma yake, watu wa dukani wakamwita kwa nguvu, akajaribu kugeuka asiweze, na walipouokota mwili wake, shingo ilikuwa nzima kabisa, haina hata mchubuko.

Tangu hapo marehemu hakumkabidhi mtu kinga bila kumkalisha kwenye chombo chake, helmeti kichwani, yeye akasimama nyuma na kuita, "We! Niangalie!", na ambaye macho yake hayakukutana na ya fundi, kinga ilifumuliwa palepale, hata mwenyewe awe mkubwa wa polisi, na nikisema hakuna fundi aliyemfikia, mpo hapa mlioanguka mkainuka, mnazo shingo za kutikisa mkitaka kunipinga.

Lakini dada yangu alikuwa anajua lingine, kwamba karakana ikiwa tupu, marehemu aliacha mkasi ghafla, akageukia mlangoni na kuitika, "Naam, Kitinda?", akahamisha cherehani akae mgongo ukutani, na sauti ikahamia ukutani.

Mwezi Machi 2018 shingo yake ilianza kukakamaa, madaktari wakaona uvimbe kwenye uti wa mgongo, wakamvisha kola ya hospitali, akajitazama kwenye kioo akacheka, "Nani kashona takataka hii?", ila kicheko hakikudumu, kwani Kitinda alikuwa akimwita kutoka nyuma ya mto wa kulalia, akamwambia dada yangu, "Mama watoto, ananiita na mimi sigeuki, atadhani nimemnunia," akawa hali, halali, akilia kwa hilo tu.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 3 Septemba 2019, dada yangu aliwasihi wauguzi, wakakizungusha kitanda taratibu kikaelekea ukuta mtupu uliokuwa nyuma ya kichwa chake, marehemu akautazama, uso ukamlegea, akasema, "Wewe, mbona huzeeki?", akakata roho, na dada yangu hajasema yeye aliona nini, nasi hatujamuuliza.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliokubali kusukuma kitanda bila kuuliza maswali, majirani mliopika na kufagia, mafundi wenzake, na ninyi madereva wote, ambao sasa tunawaomba jambo moja, tukiondoka hapa tangulieni ninyi mbele ya jeneza, asibaki mtu nyuma yake.

Haya shemeji, pumzika, amani ikae nawe.