Subilaga Mwaipaja, Mpima Maziwa wa Ilolonga

Wachungaji, viongozi wa chama chetu cha wafugaji, majirani, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki kwenye utelezi, poleni na asanteni, mimi ni Lugano Mwakatundu, shemeji wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu Subilaga Mwaipaja alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 kijijini Kasyombe, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Ambakisye Mwaipaja na Bi Tupokigwe, akasoma shule ya msingi hapo hapo Kasyombe kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, na mwalimu wake wa hesabu alikuwa akilalamika kwamba akikosea nukta moja mtoto huyu anamrudisha ubaoni.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na kaka yangu Ambindwile hapa Ilolonga, wakajaliwa watoto watano, wanne wako mbele yenu, na mmoja, Atupele, alitangulia mwaka 1989. Alipoingia kwetu alishika mila yetu yote, kwamba mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hamtaji jina wala hasemi naye, na akimwona njiani anageukia migombani na kujitanda khanga hadi apite.

Miaka hiyo kila mtu aliuza maziwa kivyake, mchuuzi akija amekuja, asipokuja kwa sababu ya mvua maziwa ya jioni yanakuwa ya mbwa na nguruwe, ndipo tarehe 2 Februari 1988 akina mama thelathini na mmoja na wanaume tisa wakaanzisha chama, naye akachaguliwa mpima maziwa, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita. Kupitia chama tukapata tangi la kupoza, daktari wa mifugo anayefika ukimwita, mbegu ya ng'ombe bora, na kiwanda kinachochukua maziwa yetu inyeshe isinyeshe, na wengi wenu hapa mmesomeshwa na tangi lile, msijifanye mnatazama migomba.

Mwezi Aprili 1992 kiwanda kilirudisha gari letu zima mara mbili kwa sababu maziwa yalikuwa na maji, kikasema likirudi mara ya tatu basi, Ilolonga ndiyo mwisho, na kijiji kizima kikawa kinanong'ona, nani huyo? Asubuhi ya Jumanne tarehe 28, siku ya kwanza ya kupima kila ndoo kama ina maji, baba yetu, Mzee Mwakatundu, mwenyekiti wa chama tangu kianze, alileta ndoo mwenyewe kwenye kituo cha maziwa, akaiweka chini na kusimama mbali kama mila inavyotaka, marehemu akatumbukiza kipimo, ambacho huzama maziwa yakiwa na maji, kikazama. Akakifuta, akapima tena, kikazama tena. Watu wapatao sitini walikuwa kwenye foleni, naye akajifunika khanga mpaka machoni, akamwambia mama aliyefuata, "Mama Ikupa, mwambie mwenye ndoo hii maziwa yana maji, arudi nayo nyumbani."

Baba alibeba ndoo yake akaondoka. Jioni wazee walimjia juu kaka yangu, "We Ambindwile, mkeo anamvua nguo baba yako mbele za watu, na wewe umekaa tu? Mrudishe kwao!" Kaka alikataa. Baba aliacha uenyekiti wiki ile ile, na hakukanyaga tena kituoni hadi alipofariki tarehe 3 Novemba 1996, lakini gari lililofuata lilipokelewa, na chama kipo mpaka leo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwaka 2019, akatibiwa Tukuyu na baadaye Mbeya, hadi alipofariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi. Wiki moja kabla aliniita kitandani akasema, "Shemeji, historia yangu utaisoma wewe, na usiruke kitu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotukamulia ng'ombe siku hizi tatu, na wanachama wenzake mliochimba kaburi kwenye mvua.

Sasa nasoma nililotaka kuruka. Asubuhi ile ya mwaka 1992 ng'ombe wa baba nilimkamua mimi, nikiwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa nikimwibia maziwa kidogo kila siku namuuzia mchuuzi, kisha najazia ndoo maji, na siku hiyo nikasingizia tumbo, ndiyo maana baba akaibeba mwenyewe, hajui lolote. Kesho yake nilipopeleka maziwa kituoni, safari hii bila maji, shemeji alipima, akayapokea, akanirudishia ndoo tupu, akaniuliza taratibu, "Shemeji, tumbo limepona?" Hakuniuliza tena, akaniachia niseme mwenyewe, na miaka thelathini na miwili sikusema. Mzee Mwakatundu hakuwahi kutia maji kwenye maziwa, alikufa na aibu yangu, na wazee mnaotaka kunikemea nikemeeni, niko hapa.

Shemeji Subilaga, pumzika kwa amani.