Damu Iliyokataa Chanjo

Ndugu zangu wa Kindu, sifa kwa Bwana aliye hai! Mwandishi wa kanisa atawasomea ushuhuda huu, maana mimi siwezi kufika. Mashini inayoosha damu yangu iko hapa Kinshasa, na nikikaa siku chache bila kufungwa kwayo, ninavimba na kukosa pumzi. Ningependa kusimama mbele yenu niwatazame machoni. Wengine wenu mungeangalia chini.

Mulinijua: fundi wa gari-moshi, muntu wa nguvu, mwenye sauti kubwa kwaya nzima. Kisha figo zikakufa. Siku ya kusafiri, shangazi yangu Feza, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, alichukua maji mudomoni akanitemea kifuani, kama wazee wetu wanavyomubariki mwenye safari. Mulimuona wote.

Huku kuna ugonjwa wa maini unaopita katika damu, na sisi wa mashini damu yetu inatoka nje kila mara. Jirani yangu wa kitanda macho yakageuka manjano, akafa. Niliogopa, ndugu zangu! Tukachanjwa sindano tatu za kinga. Walipopima, damu ya wenzangu wengine ilikuwa imeshika kinga. Yangu, hakuna kitu. Bure kabisa!

Nikawaandikia muniombee. Lo, mulijibu haraka! Kikundi cha maombi kilisema, "Kuna muntu amefunga damu yako kwa uchawi. Ni yeye, njo ule aliyekutemea maji." Nami, mujinga mimi, nikaandika kwa mukono wangu: "Nakubali. Aondoke." Shangazi akatolewa kanisani, akafukuzwa katika nyumba yangu, akaenda kwa miguu mpaka Kailo na kikapu kimoja kichwani.

Siku moja nilimusimulia munganga wetu, muzaliwa wa Bukavu, habari za damu kufungwa. Nilidhani ataogopa. Alikasirika.

"Sitwayeni, raia mwenzangu, nani alikudanganya? Figo zikikufa, kinga ya mwili nayo inalegea. Wagonjwa wengi wa mashini iko vile. Tutakuchanja tena, dawa mara mbili ya ile."

Niliona haya kama muntu aliyevuliwa nguo sokoni. Sindano nne nyingine, miezi sita. Wakapima: imeshika! Haleluya! Nililia, nikaimba, wauguzi wakafikiri nimepata wazimu. Siku ileile nikaandika Kailo: "Shangazi, nisamehe, rudi nyumbani."

Jibu lilitoka kwa mwinjilisti wa kule. Shangazi alikuwa amezikwa tangu mavuno ya mupunga. Mwinjilisti alisema mpaka mwisho shangazi hakumutukana muntu, na kila asubuhi alikuwa anaomba sindano zinishike.

Sasa muniambie, ndugu zangu, nani aliomba vizuri, ninyi ao yeye? Mimi nimo katika hesabu ya wenye makosa, tena wa kwanza. Mungu ameniokoa na ugonjwa wa maini, namushukuru. Ameniokoa na ujinga, lakini amechelewa, ao mimi njo nilichelewa. Uchungu huu hakuna mashini ya kuuosha.

Mumutumaini Bwana, ndiyo! Yeye hakunitupa. Lakini kama kuna muzee mulimufukuza kwa maneno ya maombi, mumufuate leo, angali hai. Na kikundi cha maombi, ninawaomba muende Kailo, mufyeke kaburi la Feza, mulitaje jina lake kwa sauti na kumuomba musamaha. Mukisha kurudi, njo museme Amina. Leo musiseme.