Damu ya Mama Yake Fowsia

Ndani ya matatu ya kutoka Nanyuki kwenda Nyeri nilikaa nyuma ya wanawake wawili waliokuwa wamejuana njiani. Monicah alifanya utafiti wa afya ya wahamiaji, na alikuwa akimbembeleza Fowsia, Msomali muuza nguo, akubali kupimwa damu.

"Mimi nimezaliwa Nanyuki," Fowsia alisema. "Wewe je, madam?"

"Murang'a."

"Basi mhamiaji ni wewe."

Monicah alicheka. Nilicheka pia, ingawa hakuna aliyeniuliza.

"Wenzako walikuja kwetu mwaka juzi," Fowsia akaendelea. "Walichukua damu ya mama, wakatuachia sabuni, wakapotea na majibu. Hospitali ikakuja kutuambia damu yake iko na sukari ya siku nyingi. Mguu wake ukakatwa."

"Pole sana, dada. Lakini ile utafiti ilikuwa ya jamii, si ya mtu mmoja."

"Na mguu uliokatwa ni wa jamii?"

Nilidhani Monicah atakimbilia Kiingereza, kama kawaida ya watafiti. Hakukimbilia.

"Majibu yako nitakuletea mwenyewe," alisema polepole.

"Utaniletea wapi? Umeniuliza kila kitu, lakini hujaniuliza nakaa wapi."

Gari lilisimama kituo cha Skuta, alikotakiwa kushuka Monicah. Kondakta alimwita, naye alikuwa bado ameketi, akimuuliza Fowsia anakaa wapi.