Nilisema Bahari Imelala

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Msiitikie kwa nguvu hivyo. Ngojeni kwanza mnisikie, maana nimesimama hapa na aibu yangu, na mnayotarajia niseme siyo nitakayosema.

Mimi ni Baba Yohana, mkulima wa korosho wa hapa hapa Makote, Newala. Wengi wenu mnaniita Nabii. Jina hilo mlinipa ninyi, lakini kosa ni langu, kwa sababu nililipokea na kulivaa kama suti ya Krismasi.

Ndugu zangu, lilianza hivi. Mpwa wangu anayefanya kazi Mtwara mjini alininunulia simu kubwa, akaniingiza kwenye kundi la watu wa pwani. Humo kila siku hutumwa taarifa ya hali ya hewa baharini: upepo unatoka wapi na una kasi gani, mawimbi yatafika mita ngapi, mvua iko upande gani. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Mtu wa Newala, ambaye hata maji ya kunywa anayafuata mbali, mawimbi ya nini? Lakini nikagundua kitu. Wakiandika kwamba mvua inatoka baharini kuja nchi kavu, sisi huku juu mara nyingi tunalowa siku hiyo au kesho yake.

Basi siku moja, msimu wa korosho, tukiwa kwenye kikundi chetu cha maombi, nikafumba macho nikasema, "Bwana ananionyesha mvua. Kesho msianike korosho." Jua lilikuwa kali, wengine wakaguna. Kesho yake mchana ikanyesha! Waliofunika korosho zao wakaja kunishukuru kwa machozi. Ningeweza kusema pale pale, jamani, nimesoma kwenye simu. Sikusema. Sifa ni tamu, wapendwa, hata zile zisizo zako.

Kuanzia hapo nikawa nasoma taarifa asubuhi chooni, mlango nimefunga, kisha natoka na uso wa mtu aliyefunga siku tatu. Hata mke wangu hakujua. Watu walikuja kutoka Kitangari kuniuliza kama mvua iko karibu, ili wasipoteze siku nzima kwenda kuteka maji. Taarifa ikikosea, nilisema kuna mtu kwenye kikundi hana imani. Mungu anisamehe! Kuna dada mmoja alifunga na kuomba wiki nzima akidhani ndiye yeye.

Sasa nimtaje Mama Agnesi. Mnamfahamu, yuko pale benchi la tatu, na binti yake Agnesi yuko pembeni yake na magongo yake. Agnesi ameolewa pwani. Anafanya biashara ya pweza wakavu, huvuka kwa boti na wanawake wenzake kwenda kununua kisiwani. Kipindi cha baridi, upepo wa kusi ukivuma, Mama Agnesi alikuja kwangu mchana na akina mama wa kikundi. Simu yake ilikuwa mkononi, binti yuko hewani, sote tunamsikia.

"Bwana asifiwe, Baba," Agnesi akasema. "Kesho asubuhi tunataka kuvuka, ila nahodha anasitasita. Anasema bahari haieleweki. Wewe unaonaje?"

Siku hiyo nilikuwa sijasoma taarifa. Simu yangu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, ina chaji, ina bando. Kuitoa tu na kusoma! Lakini akina mama walikuwa wamepiga magoti wananitazama, nami nikaona haya kuitoa mbele yao. Nikafumba macho. Nikasema, "Naona bahari imelala. Vukeni kwa amani."

"Amina, Baba. Nitamwambia nahodha."

Walipoondoka ndipo nikasoma. Tahadhari! Upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita mbili, pwani ya Lindi na Mtwara, kesho. Namba ya Mama Agnesi ninayo. Nyumba yake iko baada ya shamba la pili kutoka kwangu. Nikatoka mbio, nikafika shamba la kwanza, nikasimama. Ningemwambia nini? Kwamba Mungu amebadili mawazo? Nikarudi. Nikajifungia ndani nikaomba upepo utulie, na leo niseme kweli yote, niliomba kwa ajili ya jina langu. Agnesi nilimkumbuka mwishoni.

Kesho yake boti ilipinduka. Walining'inia kwenye ubavu wake asubuhi nzima, mawimbi yakiwapiga, mpaka wavuvi wengine wakawafikia. Wote walitoka hai, utukufu kwa Mungu, si kwangu! Lakini nahodha alipoteza boti yake, na mguu wa Agnesi ulivunjika sehemu mbili. Familia ikamleta Ndanda hospitali.

Tulikwenda kumwona na akina mama. Nilitamani Mama Agnesi anitukane. Badala yake alinishika mkono mbele ya wagonjwa wote, akasema, "Huyu ndiye aliyesema vukeni kwa amani. Bila maombi yake mwanangu angekufa." Wodi nzima ikaitika amina! Ndugu zangu, nilitoka nje bila kuaga.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu nikamwambia Agnesi kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Simu ulikuwa nayo mfukoni?"

"Nilikuwa nayo."

"Ukaja kuona tahadhari, na hukupiga?"

"Sikupiga."

Akageukia ukutani. Nikakaa hapo mpaka chai ikapita na vikombe vikakusanywa. Kisha akasema, "Mimi mama simwambii. Utamwambia wewe, mbele ya wale wale waliosema amina."

Hapo ndipo nilipofunguliwa, wapendwa. Sikuanguka chini, sikuona nuru. Niliona tu kwamba mlango wa kutokea upo na ni mmoja. Nikaenda kwa padri, akanipa nafasi ya leo.

Namshukuru Mungu aliyewatoa wale wanawake majini na kunitoa mimi kwenye uongo. Kusoma taarifa ya hali ya hewa si dhambi. Kuna watu wanaosomea kazi hiyo, nami niliwaibia jasho lao nikamsingizia Mungu. Someni wenyewe, au niulizeni, nitawasomea mchana kweupe. Na kama kuna mwenye jambo analolificha, asiogope kulileta kwa Yesu. Mwaminini Yeye, hakuwahi kumdanganya mtu ili asifiwe.

Mama Agnesi, neno la mwisho ni lako. Una umri wa mama yangu mzazi, na tangu mlipoanza kuniita Nabii wewe ndiye unayeniamkia mimi, nami bila haya naitika marahaba. Leo nashuka hapa nakuja hapo ulipoketi. Najua mguu wa mwanao sitaurudisha. Ukininyamazia, sitalalamika.

Shikamoo, mama.